Fundi wa Mlango wa Kuku

Mpaka leo nikikutana na watu wa enzi zile, wananiambia, "Mume wako alikuwa fundi hodari, aki! Bado tunakumbuka ule mlango wa kuku uliokuwa ukifunguka wenyewe." Damu inanichemka. Alitengeneza na nini, mdomo?

Wacha niseme vile ilikuwa. Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mimi na mume wangu, wote watu wa magharibi, tulihamia Kitengela na kujenga nyumba ya mabati kwenye ploti ambayo mvua ikinyesha udongo wake mweusi unakuvua viatu. Yeye alifanya kazi ya ofisi Nairobi, mimi nilifundisha shule ya msingi Kajiado. Sote tuliondoka giza likiwa bado liko. Nilikuwa na kuku wangu, kizazi cha mtetea niliyepewa na mama nilipoolewa, na taabu yao ilikuwa moja. Nikiwafungulia kabla sijaondoka, paka mwitu anawapokea mlangoni. Nikiwaacha ndani, mabati yanawachoma mchana kutwa, na jioni ninawakuta wamedonoana mpaka damu. Mume wangu alikuwa na dawa yake: wauze. "Si mayai yako dukani?" Ati mayai yako dukani! Kana kwamba mama alinipa mayai.

Mimi ni binti wa fundi wa baiskeli. Nilikulia kwenye kibanda cha baba sokoni, nikimshikia gurudumu yeye akikaza spoki. Nilijua kazi ile yote kwa macho na kwa vidole, lakini nikiomba spana, spana inapewa kaka yangu. Wateja wakiuliza kama binti naye ni fundi, baba anacheka, "Aa, huyu ananishikia tu." Na chai ikiletwa pamoja na mihogo, sheria ilikuwa moja: mafundi wanakula kwanza, wa kushikia anangoja. Niliingoja mihogo hiyo miaka mingi, na mara nyingi ilinifikia ikiwa imepoa.

Kwa hiyo nilipoamua kutengeneza mlango, sikuwa nafikiria kuku peke yao. Nilitaka siku moja baba auone, aseme kwa mdomo wake kwamba mimi ni fundi. Neno hilo moja, basi.

Nilichukua saa ya kengele, ile ya kutiwa ufunguo. Kengele ikilia, kile kifunguo cha nyuma huzunguka. Nilifunga uzi hapo. Saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumepambazuka na mimi niko mbali, kengele inalia, kifunguo kinakunja uzi, uzi unachomoa spoki iliyozuia kopo la rangi lililojaa kokoto. Kopo likishuka, kamba yake inauvuta mlango wa ubao, nao unapanda. Ile spoki niliikunja kama baba alivyokuwa akifungia sanduku lake la vifaa: ukiivuta moja kwa moja inang'ang'ana, sharti uibonyeze chini kwanza. Uzi wangu niliupitisha chini ya msumari ili uvute kwa kushuka. Mbuzi angegonga, upepo wa Kitengela ungepiga kelele zake zote, na mlango usitikisike.

Aliyenishikia ubao alikuwa mama jirani, Mmaasai wa ng'ambo ya ua. Alikuja na salamu yake ya "Sopa!", akaniona nimejikata kidole gumba kwa msumeno, akaweka mtungi chini na kushika. Mzee wake hakuwa anakula kuku, aliwaita ndege tu, lakini yeye alitaka kuona. Mlango ulipopanda mara ya kwanza alipiga makofi. Nikamwambia labda wanaume watanicheka. Akanishangaa. "Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke," akasema, "na sijawahi kuona mwanaume akisema ni yeye alijenga." Haya, huko ni kwao. Kwangu ilikuwa hadithi nyingine.

Mume wangu kwanza alicheka. Kisha kuku wakaanza kutaga vizuri, akaacha kucheka. Kisha wanaume wa kwetu, wale waliokuwa wakikutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, wakaja kwetu, wakauona mlango. Nilikuwa nikipita na sinia la chai nilipomsikia: "Nilikaa chini nikafikiria. Nikasema, saa ikiweza kuamsha mtu, mbona isiamshe kuku?" Wakacheka, wakampiga mabegani. Nusura niwamwagie chai. Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Changu kilivikwa plasta, na pete akavaa mwingine.

Usiku nilimuuliza. Akasema, "Mama watoto, si mlango ni wetu? Wangu, wako, kuna tofauti gani?" Kama hakuna tofauti, kwa nini basi hakusema ni wangu? Aligeukia ukutani akalala.

Nikasema sawa. Baba anakuja.

Kwetu mzazi haingii nyumba ya mkwe hivi hivi. Anaalikwa, anajiandaa, na akifika lazima achinjiwe kuku. Baba alikuwa hajawahi kufika Kitengela. Alikuja Ijumaa jioni na koti lake la harusi za watu, akalala kwa jirani mmoja wa kwetu, maana kulala kwa binti hakuwezekani. Jumamosi asubuhi angekuja kwetu. Na usiku ule wa Ijumaa mimi sikuitia saa ufunguo. Mwenye mlango na aitie yeye.

Asichojua mume wangu ni kwamba saa ile hutiwa ufunguo kila usiku. Haki ya Mungu, alikuwa anaamini inajiendesha!

Basi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu haijafika, baba ameketi nje na chai, mume wangu anamwonyesha mlango. "Baba, hebu ona. Ni kitu nilichobuni." Walingoja. Jogoo wa kuchinjwa alikuwa ndani anawika. Jua likapanda. Mume wangu akaitikisa saa, akaigonga, akaishika spoki na kuivuta, ikang'ang'ana. Akavuta kwa mikono miwili, jasho linamtoka. "Mama watoto!" akaniita. "Hebu kuja ufungue hapa."

"Mlango si wako?" nikamjibu nikiwa jikoni. "Fungua."

Baba akaweka kikombe chini, akainuka. Niliona kila kitu kupitia dirisha la jikoni. Aliinama, akaitazama ile spoki kitambo, akapitisha kidole chake penye mkunjo. Kisha akaibonyeza chini, akavuta. Mkono mmoja. Kopo likashuka, mlango ukapanda, kuku wakamwagika nje wakimpita miguuni. Nikangoja alitamke lile neno.

Akajipangusa mikono akamgeukia mume wangu. "Mkwe, umefanya kazi nzuri sana. Nilipata mkwe fundi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mume wangu alipoenda kumfukuza jogoo, nilitoka, mwiko bado mkononi.

"Baba, ile spoki umeijua."

"Nimeijua."

"Na umejua ni nani aliyeikunja."

"Kwani mimi ni kipofu?" Hakuniangalia, alikuwa akiangalia kuku. "Lakini mama, mimi ni mgeni hapa. Mgeni humsifu mwenye nyumba. Nikisema ni wewe, nitakuwa nimemvua mkwe wangu nguo mbele yako. Wewe ni damu yangu, wewe utavumilia."

Nitavumilia! Yaani mume wangu alinyang'anya kwa kutojua aibu, lakini baba alijua, akachukua kitu changu kwa mkono wake mwenyewe na kumpa mwingine. Na sababu ni kwamba mimi ni wake! Huyo ndiye aliyeniuma. Nilirudi jikoni, jogoo akaletwa amechinjwa, nikamwosha kwa hasira mpaka maji yakanirukia usoni.

Sasa msomaji asiyetoka kwetu ajue jambo moja. Kuku anapopikiwa mgeni, firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima. Ikikosekana kwenye bakuli, mgeni anaweza kuinuka aende zake. Nyanya yangu alikufa hajawahi kuionja. Siku ile ilikuwa ya baba, hakuna mjadala.

Nilipanga meza. Ugali, mboga, bakuli la kuku na firigisi juu kabisa, pahali pake. Waliosha mikono. Mume wangu akaombea chakula. Baba akamega ugali. Nami, badala ya kurudi jikoni, nikavuta kiti nikaketi, nikanyoosha mkono wenye kovu la msumeno, nikaichukua ile firigisi.

"Wee!" Mume wangu aliruka. "Hiyo ni ya mzee!"

"Hii ni ya fundi," nikasema, nikaiuma.

Nilitafuna polepole, na ilikuwa ngumu, nilikuwa nimeikaanga vibaya kwa hasira. Mume wangu alimtazama baba, akingoja akasirike, ainuke, anilaani. Baba alikuwa na tonge la ugali mkononi, nusu ya njia kuelekea mdomoni. Alilirudisha kwenye sahani. Akaweka mikono yote miwili magotini.

Nikajua anachofanya. Alikuwa akingoja, kama nilivyongoja mimi pale kibandani, mihogo ikipoa.

Lakini lile neno hakulisema. Mdomo ule ule uliosema "ananishikia tu" kwa wateja wa soko zima ulikuwa umefungwa, na mimi sikuwa na haja ya kumwokoa. Nilikula mpaka mwisho. Nilijipangusa vidole kimoja kimoja, huku ugali wake ukipoa.

"Fundi amemaliza, baba," nikamwambia. "Sasa unaweza kula."