Ufunguo Mwekundu wa Ndege ya Orpa

Mwaka mzima ndege ya kuchezea ilining'inia ukutani juu ya kabati la vyombo, imefunikwa shuka la zamani la Keren, mtoto wa nyumba hiyo. Wageni waliofika kwao Butembo walidhani ni gitaa. Gitaa lenyewe lilikuwa chumbani, na kwa miezi mitatu ya mwanzo hakuna aliyeligusa, kwa sababu vidole vya Onésime, mpigaji wake, vilikuwa vimeshonwa.

Mkewe, Orpa, alikuwa fundi wa moteri. Wenye mashine za kusaga walimletea moteri zilizoungua. Alizifungua, akatoa waya mweusi, akasuka mpya, mzunguko juu ya mzunguko, asipoteze hesabu hata mtu akimsalimu. Ndege aliiunda kwa kujifurahisha tu. Mbawa zilikuwa za frigolite, ile povu nyeupe ngumu inayokuja ndani ya katoni za televisheni. Alitia moteri yenye ukubwa wa yai, betri, na puani akafunga elisi, panga dogo linalozunguka. Haikuwa na magurudumu. Orpa alishika radio yenye vijiti vya kuiongoza, na Onésime, mpiga gitaa wa kwaya, aliirusha kwa mkono.

Siku ile mbaya Onésime alikuwa ameshaunganisha betri, anafunga kifuniko, vidole vikiwa karibu na elisi. Orpa aligeuka kumwita Keren, binti yao. Fundo la kitenge chake likakwaa kijiti cha nguvu. Elisi ililia mara moja tu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, mishono saba.

Onésime hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Orpa. Alisema tu, "Mama Keren, hii kitu mimi hapana gusa tena," akaitundika ukutani mwenyewe, kwa mkono wenye bandeji.

Phinées, mdogo wake Orpa, alijitolea kuirusha. Orpa alikataa. Hakutaka ndege iruke tu. Alitaka iruke kutoka mkono uleule.

Ndipo asubuhi moja aliishusha, akaipangusa vumbi, akaikata tumbo.

Wazo la kwanza la kuzuia elisi isijiwakie alilipata kwa wenye pikipiki. Wengi wao huficha swichi chini ya kiti, mwizi asiweze kuwasha. Orpa alitafuta swichi ya namna hiyo, akakata waya wa betri, akaiweka katikati. Akaifunga ndege kwa kamba kwenye mguu wa meza ya kazi, akasimama nyuma yake, akasukuma kijiti. Elisi ikavuma, karatasi zikaruka. Alihesabu hadi arobaini. Harufu ya plastiki ilipomfikia, alizima swichi.

Elisi haikusimama.

Alirudisha kijiti chini, ndipo ikatulia. Swichi ilikuwa imeyeyuka ndani, chuma kimeshikana na chuma. Ilizoea umeme mdogo wa kuwasha pikipiki; moteri ya ndege ilikunywa umeme mara nyingi zaidi.

Onésime alikuwa mlangoni na sahani ya maharage. Aliona yote.

"Unaona?" alisema. "Hata ukiizima, inakukatalia."

"Ilinikatalia mimi, Papa Keren. Haijakukatalia wewe."

"Eh! Na mimi itanikatalia na vidole ngapi? Vilivyobaki ni nane."

Orpa alicheka kwa sababu mumewe alicheka, lakini jicho lake halikutoka kwenye mkono ule ulioshika sahani. Vidole viwili vilikuwa bado vimejikunja kidogo, kama vinasikia baridi.

Juma zima alifanya kazi za watu huku akifikiri. Akiwa na mikono ndani ya moteri ya kinu, alimkumbuka baba yake, Gamaliel, aliyekuwa akitengeneza vinu kule Lubero. Kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine, Gamaliel alichomoa fyuzi, akaitia katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo cha mfuko. Siku moja mwenye kinu alisema, "Mzee, unipe nikushikie." Gamaliel akamjibu, "Mukono njo wangu, na fyuzi itakaa kwangu." Orpa, binti wa miaka tisa aliyemletea chakula, alidhani baba yake anaringa tu.

Aliweka chini koleo. Kosa lake halikuwa swichi peke yake. Alikuwa ametafuta namna ya kuilinda mikono ya Onésime kwa kidole chake yeye. Na yeye ndiye ambaye fundo la kitenge chake lilikwaa kijiti.

Safari hii hakutia swichi. Aliukata waya mwekundu wa betri, akatoa ncha zake mbili nje, ubavuni, nyuma ya bawa, mahali ambapo mkono hauhitaji kupita mbele ya elisi. Akaunda plagi ya waya mnene uliokunjwa kama sikio, akaizungushia utepe mwekundu. Ikichomekwa, umeme unapita. Ikichomolewa, ndege ni frigolite tupu. Alijaribu mara ishirini, ndege imefungwa mezani, akigusa waya kila mara kupima joto. Kisha akaitia plagi ile uzi, akampelekea mumewe.

"Ni nini?"

"Ni ufunguo wako. Mimi nitashika radio, lakini bila huu sina kitu. Utachomeka wewe, ukishakuwa tayari. Itatoa cheche kidogo, usiogope."

Onésime aliupima uzito kiganjani. "Na ile kitenge?"

"Nitavaa suruali."

Onésime akautia mfukoni, bila kusema ndiyo.

Butembo ni milima, ndege ikikosea inaangukia paa la mtu. Kwa hiyo waliposafiri kwenda Beni kumsalimia Kaswera, dada yake Onésime anayekaa mtaa wa Mulekera, walibeba ndege. Karibu na kwa Kaswera kulikuwa na uwanja wa shule, tambarare. Waliomba karatasi ya ruhusa kwa chef, mkuu wa mtaa, wakaipata. Walipofika uwanjani, mwanajeshi mmoja wa doria, Léon, kwa lafudhi ya watu wa mbali, aliwasimamisha.

"Mama, hii njo nini? Drone?"

"Hapana, chef. Ndege ya kuchezea. Ya frigolite."

"Na frigolite iko na moteri?" Alisoma karatasi mara mbili, akazunguka ndege, akaona mahali pa plagi. "Bon, sawa. Ile clé, ufunguo yake, iko wapi? Munipe mimi, nitaichomeka."

Orpa alifungua mdomo, lakini Onésime alimtangulia.

"Samahani, chef. Mwenye mukono karibu na elisi njo mwenye kuishika." Alimwonyesha vidole vyake viwili. "Lakini ukisema nizime, nitazima mbele ya macho yako."

Léon aliangalia makovu. Akarudi nyuma hatua tatu. "Rusha basi, papa. Tuone."

Orpa alisimama na radio, kijiti chini kabisa, kidole gumba juu yake.

"Chini?" Onésime aliuliza.

"Chini."

Onésime alitoa ufunguo mfukoni, akapitisha mkono nyuma ya bawa. Akachomeka. Cheche ikalia, tik. Elisi ikakaa kimya.

"Peleka!" alisema.

Orpa akasukuma kijiti, elisi ikavuma, na Onésime akaisukuma ndege hewani kwa mkono uleule wa kushoto. Ndege ilizama kidogo, ikajiokota, ikapanda, ikawazunguka juu ya nyasi mpaka Léon akavua kofia aione vizuri.

Iliposhuka, ikateleza kwa tumbo na kutulia, Orpa alikimbia, mikono mbele.

"Ngoja kwanza!"

Alisimama. Onésime alimpita, akapiga magoti nyuma ya bawa, akachomoa ufunguo, akauinua juu mkewe auone.

"Sasa gusa."