Nilionja bia ya embe kwa ntheo ya dada yangu, jioni mimi ndio nikaitwa mlevi

Ilianza Jumamosi iliyopita, saa sita na nusu mchana.

Wakuu, habari zenu. Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimekasirika mpaka aibu imekaa kando. Sina haja ya kuongeza chumvi, hii stori ilivyotokea inatosha.

Niko na miaka kumi na nane, nimemaliza form four, nakaa na mamangu na susu, yaani nyanya yangu, huku Kangundo.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu nalijua na bado nasema sijui. Kitu kimoja tu nafanya mbele ya watu bila kutetemeka: kufundisha Sunday school. Watoto hawanitishi. Hilo darasa ndilo langu, sina lingine. Mkumbuke hapo.

Sasa, siku hiyo ilikuwa ntheo ya dada yangu Ndinda. Kwa wasio wa huku, ntheo ndiyo siku upande wa kijana wanaleta mbuzi, zinachinjwa, na kuanzia hapo msichana anajulikana ameolewa. Bila hiyo, hata mkae pamoja mpaka mzeeke, kwa wazee bado hamjaoana.

Baba alishafariki, kwa hivyo uncle Musyoka, mdogo wake, ndiye alisimama mahali pake. Uncle ni mzee wa kanisa. Na hapo pia mkumbuke.

Wageni walitoka Syokimau. Walileta mbuzi, blanketi, unga, sukari, na makatoni ya chupa zenye picha ya embe mbele. Embe kubwa, limeiva, linang'aa. Binamu ya bwana harusi, anaitwa Kelvin, akasema hiyo ni special, rafiki yake ndiye hutengeneza.

Mimi nikadhani ni juice. Ungedhani nini? Huku kwetu embe ndiyo maisha. Msimu ukifika zinaoza chini, broker anakuja na bei ya matusi, tunampatia kwa sababu hakuna mwingine. Nikafurahi hata, nikasema angalau kuna mahali embe zinaenda zinathaminiwa, zinarudi zimevaa lebo.

Kwa boma la susu kuna desturi. Mgeni akileta kinywaji siku kama hiyo, msichana wa boma anaonja kwanza, amesimama katikati, watu wote wakimwangalia. Akimeza, zawadi imekubaliwa na wengine wanakunywa. Akitema, ni kama amewarudishia wageni mbuzi zao. Hakuna anayeuliza kwa nini umetema.

Ndinda hangeonja, yeye ndiye wa kuolewa. Nikabaki mimi.

Kelvin akafungua, akamimina. Povu ikapanda. Nikadhani ni kama ya soda.

Nitasema ukweli wote, hata usionisaidia. Harufu ilikuwa nzuri. Ilinuka kama mikono yako ukitoka kuchuma embe mwezi wa kwanza. Na ilipogusa ulimi ilikuwa tamu kidogo, baridi, nikaanza hata kutabasamu.

Halafu ikageuka. Uchungu ukaja kutoka nyuma ya ulimi kama umetafuna mwarubaini, na ile ladha ya unga wa uji uliolala siku mbili. Kifua kikapata joto.

Mdomo umejaa. Wageni wananiangalia. Ndinda ananiangalia, macho yamemtoka. Nikitema, nimeharibu siku ya dada yangu.

Nikameza.

Watu wakapiga makofi. Kelvin na wenzake wakaanza kumimina na kugawa. Mimi nimebaki na ile chupa, nikaigeuza. Nyuma, kwa maandishi madogo kama ya dawa, imeandikwa ni pombe. Na onyo chini yake.

Nikainua macho, nikaona Kelvin anampatia susu glasi.

"Karibu shosho, ni embe ya kwenu."

Wakuu, mnielewe. Umau, mume wa susu, alikunywa shamba la chini lote. Alikunywa mpaka ikammaliza. Susu aliapa kanisani, mbele ya watu, kwamba hiyo kitu haitapita mdomo wake mpaka aingie kaburini. Ni miaka mingi kuliko umri wangu. Hata dawa ya kikohozi ananusa kwanza.

Lakini siku hiyo hakunusa, kwa sababu mjukuu wake alikuwa ameonja na kumeza mbele yake.

Glasi ilikuwa inaenda mdomoni. Nikasikia sauti, kumbe ni yangu.

"Susu, usikunywe. Hiyo ni pombe."

Susu akasimamisha mkono hapo hapo, akaweka glasi chini, akaifunika na kisahani kama mtu anayefunika nzi.

Kelvin akacheka. "Relax madam. Hiyo si pombe pombe. Ni craft, ya kutengenezwa kwa mikono. Ni juice tu imeenda college."

Watu wakacheka. Sawa, hiyo ningevumilia.

Lakini uncle Musyoka akaniangalia juu mpaka chini, akauliza kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo kanisani, "Na wewe umejuaje ladha ya pombe? Ulionjea wapi?"

Jibu lilikuwa mkononi mwangu. Ningeinua tu chupa niseme nimesoma hapa. Lakini watu walikuwa wamegeuka wote, na mimi nikawa yule yule wa darasani. Nikaangalia chini. Mnajua mtu akiangalia chini watu huamini nini.

"Aiya, kumbe kuna watu wako na experience," mama mmoja akasema, na kicheko kikazunguka.

Sasa hapa ndipo naumia. Baada ya kuniaibisha, uncle alishika chupa yake, akaimaliza, akaitisha ingine. "Ni matunda," anasema. "Matunda Mungu ndiye aliumba." Na wazee wengine wanaitikia kama wako ibadani. Kufika jioni makatoni yalikuwa matupu, na uncle alikuwa anamwita mbuzi aliyebaki "mkwe."

Na saa hiyo hiyo mamangu akaniita jikoni.

"Kesho hutafundisha watoto. Nitaambia mtu mwingine achukue darasa."

"Mama, mwaitu, kwa nini?"

"Watu wanasema umeonja pombe mbele ya umati, na ukaijua. Uncle wako amesema si vizuri mtu kama huyo asimame mbele ya watoto."

Uncle. Amesema. Na kutoka jikoni nilikuwa namsikia akiimba.

Mama hakuwa mbaya, alikuwa amechoka na anaogopa maneno. Nililala nalia.

Funzo nimepata ni hili. Wakubwa wanaweza kuweka picha ya tunda mbele ya kitu chochote wakakunywa kwa amani, bora nyuma kusisomwe. Na anayesoma nyuma ndiye anaonekana mbaya. Kama nimekosea mahali, niambieni hapa chini, nitasoma yote. Lakini kabla mjibu, mjue nilifanya nini Jumapili asubuhi.

Niliamka mbele ya wote. Nikaokota chupa zote nyuma ya store, nikaziosha, nikazipanga kwa meza ya chai. Embe zikaangalia ukuta. Maandishi madogo yakaangalia kiti cha uncle, kwa sababu alikuwa amelala kwetu.

Akatoka amevaa suti ya kanisa, macho mekundu. Akakaa. Akaziona.

"Nani ameweka hizi takataka hapa?"

"Ni mimi, uncle."

Mama alisimama na birika hewani. Susu akavuta kiti chake karibu.

"Kumeandikwa nini hapo?" susu akaniuliza. "Macho yangu hayafiki."

Nikachukua moja nikamsomea. Sikutumia sauti yangu ya nyumbani. Nilitumia ile ya Sunday school, polepole, neno kwa neno, jinsi nasomea watoto wa nyuma wasikie. Kwamba ni pombe. Kwamba ni hatari kwa afya. Kwamba haifai kwa watoto.

"Hivyo ndivyo nilijua, uncle," nikasema. "Nilisoma."

Uncle alikoroga chai ambayo haikuwa imewekwa sukari bado.

Nikachukua Biblia na kopo la crayons, nikaenda kufundisha darasa langu. Hakuna aliyenizuia mlangoni.