Mfereji wa Mochama

Mvua ikianza Boito, watu hukimbilia ndani. Mochama hutoka nje. Hujifunika gunia kichwani, akashika mtaimbo wake na kuzunguka shamba akigonga ardhi hapa na pale. Mkewe Jerusa alishachoka kumwita. "Chai inapoa, Baba Sagini," husema, halafu huinywa mwenyewe.

Kazi ya Mochama ni kuchimba vyoo na visima, miaka ishirini sasa tangu ahamie huku kutoka Kisii. Mtaimbo humwambia mengi. Udongo mzito hujibu kwa sauti nzito. Penye uwazi chini, hulia kama debe tupu.

Miaka saba iliyopita mafuriko yalimtesa. Kilima cha juu yake kilikuwa kimefyekwa, barabara ikapitishwa, maji yakakosa pa kuzama. Yote yalimshukia yeye, yakang'oa miche ya chai na kuingia hadi jikoni. Fundi wa mashimo akatafuta shimo. Mpakani, chini ya mwamba, palikuwa na ufa mdogo ambao hata paka asingepita. Akachimba mfereji, akaelekeza maji yote humo, na ufa ukayameza. Majirani walikuja kutazama na kumsifu, naye akavimba kichwa. Hakujiuliza maji yanakwenda wapi. Mtu aliyechimba maisha yake yote asijiulize!

Msimu huu chemchemi ya bondeni ikaanza kutoa maji mekundu. Maji safi hupita tu. Maji mekundu yamebeba udongo wa mtu. Chini ya ule mwamba mgumu kuna majivu ya kale ya volkano, laini, na kwa miaka saba maji yalikuwa yakiyachota punje kwa punje, yakijichimbia pango. Aligonga kuanzia kwenye ufa akiteremka. Debe. Debe. Sauti ile ikapita chini ya ua, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye jiko la jirani yake Kipyegon, mzee aliyemuuzia shamba wakati wengine walikataa kumuuzia mgeni.

Siku tatu makalio yake hayakugusa kiti. Aliziba ufa kwa mawe, maji yakarudi jikoni kwake, Jerusa akafoka. Lakini pango halijai kwa kuzibwa mlango. Akinyamaza, kuna watu wanaopika juu ya pango hilo. Akisema, ataitwa mgeni aliyekuja kubomoa boma la mwenyeji. Aliogopa, na aibu ilimuuma kuliko woga.

Siku ya nne mchana, mvua ikiendelea, uvumilivu ukamwishia. Akaingia kwa Kipyegon bila hodi, matope hadi magotini. Mzee alikuwa akiota moto. Mkewe Winny akisonga ugali.

"Mama, epua hiyo sufuria twende kwangu. Sasa hivi."

"Kwani kuna nini? Jerusa amejifungua?"

"Jerusa ana miaka hamsini na tano, mama. Twende tu. Mzee, tafadhali."

Wakamfuata wakicheka, Winny na sufuria yake mkononi. Hawajafika kwenye ua, kishindo kikatoka chini ya ardhi. Jiko likazama, mafiga, mabati na yote.

Winny akapiga mayowe. Kipyegon akamshika Mochama bega. "Mungu amekutuma, kijana wangu. Lakini umejuaje?"

Angeweza kuitikia amina tu, mambo yakaisha.

"Ni mfereji wangu, mzee. Maji yangu ndiyo yamekula chini ya jiko lako. Nimejua siku nne."

Mkono ukaondoka begani.

"Siku nne," mzee alisema. "Siku nne mama amepika humo."

Akamnyang'anya mtaimbo, akaanza kugonga kuelekea nyumba yake kubwa iliyobaki, asijue hata anasikiliza nini. Baada ya hatua kumi akasimama.

"Njoo unisikilizie," alisema bila kumtazama.