Udongo wa Marudio kwenye Bustani ya Febronia

Boaz alijua udongo ule una zebaki, na bado akampa Febronia aoteshee mboga. Mengine yanayosemwa kijijini ni kelele tu.

Febronia analima bustani bondeni, si mbali na mgodi wa Bulyanhulu. Mwaka juzi maji yalituama, mboga zikaoza kwenye matuta. Akaenda kwa Boaz, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, kuomba kifusi cha kuinulia matuta. Boaz akamwonyesha lundo la marudio, ule udongo unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ikishanaswa kwa zebaki.

"Huu hauna shida kwa mboga, Baba Edson?"

"Mama Dorika, udongo ni udongo. Chukua, unipunguzie uchafu uani."

Akausomba siku mbili kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mgagani ukashamiri, kijani kizito. Akachuma, akachemsha, akaanika juani kama mama yake alivyomfundisha, zikapatikana nsansa za kulia ugali kiangazi. Gunia zima akampelekea bintiye Dorika, aliyekuwa mjamzito huko Ushirombo.

Kisha akaja Asteria, mtaalamu wa kilimo, akachukua udongo na majani kwenda kupima. Aliporudi hakukaa hata kwenye kigoda.

"Mama, mizizi imefyonza zebaki na madini ya risasi. Zimepanda mpaka kwenye majani."

"Mbona naosha maji matatu?"

"Zimo ndani ya jani, hazioshwi. Na ukikausha, maji yanaondoka, zenyewe zinabaki."

Febronia akapiga simu palepale. "Dorika, zile nsansa zitupe."

"Zipi tena, mama? Tumeshamaliza. Nilitaka uniongeze."

Kwenye mkutano wa kijiji Boaz alisimama mikono mfukoni. "Nilimpa kifusi. Kupanda mboga nilimtuma mimi? Labda alitaka kuvuna mchicha wa dhahabu!"

Watu wakaangua kicheko. Febronia akamgeukia Apolonia, mke wa Boaz. "Wewe uliacha kununua mboga zangu wiki ileile niliyosomba. Nani alikukataza?"

Apolonia akainamisha kichwa. Kicheko kikakatika, lakini mwenyekiti akafunga mkutano.

Mtoto wa Dorika kazaliwa, ananyonya. Daktari anasema hawezi kujua bado kama sumu imemdhuru, wamlete kila baada ya miezi mitatu.

Udongo bado uko bondeni. Boaz ana deni la kuuzoa wote. Na ana deni la kwenda Ushirombo, akae mbele ya Dorika, amwambie alichokijua siku ile.