Mimuliko Miwili, Kisha Giza

Mpaka leo nikiona taa inayojiwasha yenyewe, mwili unanisisimka. Wenzangu pale mtaani Matonge wananicheka, eti maman huyu anaogopa balbu. Bon, wacheke. Hawakuwepo.

Nilikuwa namhudumia mzee mmoja Ixelles, huku kwa Wabelgiji, ghorofa ya tatu, kwenye barabara nyembamba ambayo basi likipita vikombe vinatetemeka kabatini. Alikuwa Mhindi wa pwani ya Kerala, na kazi yake ya maisha ilikuwa kulinda mnara wa taa. Mimi ni mtoto wa Bukavu, mtu wa ziwa. Mnara wa kuongoza meli nilikuwa sijauona hata kwenye kalenda. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa Kifaransa chake cha kuokoteza na mimi kwa changu, kwamba kila mnara wa pwani ile una hesabu yake. Huu unamulika mara moja, ule wa kusini mara tatu, na maboya ya mlango wa bandari ni mekundu na ya kijani. Baharia akihesabu anajua yuko wapi bila kumwuliza mtu. Wa kwake ulikuwa mimuliko miwili, kisha giza la sekunde kumi.

"Na mashine ya taa ikiharibika, hesabu ikakosea?" nilimwuliza siku moja, huku namkata kucha.

Akaniangalia kama vile nimemtukania mama. "Unazima! Nahodha asipoona taa anajua huku kuna shida, anakaa mbali. Akiona taa ya uongo anakuja moja kwa moja kwenye mwamba."

Nikamwambia haya, Papa, tulia, nisije nikakukata kidole.

Mke wake alikuwa Mbelgiji, nesi aliyekwenda kule akiwa msichana, akaolewa, wakarudi wameshazeeka. Sasa alikuwa amehamia nyumba ya wazee upande wa pili wa barabara, dirisha lake likitazamana na letu. Miguu imekataa, masikio yamekufa kabisa, simu haina maana. Donc basi, kila jioni saa kumi na mbili mzee alikaa dirishani, kidole kwenye swichi ya taa ya mezani, akamulika: mbili, giza, mbili, giza, mpaka saa moja. Walikuwa wamekubaliana hivi: mke asipoiona taa, abonyeze kengele, na nesi wa kule avuke barabara na ufunguo wa akiba. Nilielezwa hayo siku yangu ya kwanza kazini. Nilicheka moyoni, nikasema jamani, hawa wazee wanapendana. Niliona mapenzi tu, ulinzi sikuuona. Nilikuwa mjinga, sina neno lingine.

Baridi ilipoanza, bega lake likavimba. Kila akibonyeza swichi anakunja uso, na mimi nikamwonea huruma. Kwetu Bukavu ukitoka nyumbani unaacha taa inawaka, wezi wadhani kuna watu ndani. Basi nikaenda kwa fundi wa simu kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, nikamweleza hesabu.

"Maman, hii ni kazi ya cinq minutes, dakika tano tu," akasema. Ikamchukua juma zima.

Akanitengenezea kiboksi cha kuchomeka ukutani, taa inachomekwa juu yake. Saa kumi na mbili kinaanza chenyewe, saa moja kinajizima. Nilikichomeka kwenye soketi ya chini, karibu na sakafu, nyuma ya meza ndogo. Mzee akanuna. "Mwishoni hata kule mnarani walituletea mashine kama hii," alisema, "wakaturudisha nyumbani." Siku mbili alikataa katakata. Siku ya tatu bega likamshinda, akaniacha nikiwashe. Hakutaka mkewe ajue kwamba mkono umechoka, na mimi nikamwahidi sitasema. Nikatoka pale najiona mjanja kweli!

Asubuhi moja ya Desemba nilifika kazini saa mbili, nikafungua mlango, nikaita, "Papa?" Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Nikamkuta sebuleni, kifudifudi kwenye zulia, kichwa chini ya ile meza ndogo, mkono mmoja umenyooka mbele. Nikamgusa. Yesu wangu! Alikuwa baridi kama sakafu. Nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akapanda na mswaki mdomoni.

Daktari wa ambulansi alisema nyonga ilivunjika jana jioni, na kwamba hakufa papo hapo. Alikaa hai saa nyingi. Ndala moja ilikuwa mlangoni mwa bafu, nyingine katikati ya chumba; alikuwa amejiburuta. Nikajiuliza, kwa nini ajiburute kuelekea ukutani, wakati mlango wa kutokea uko upande mwingine? Nikadhani maumivu yamemchanganya akili.

Nikavuka barabara kwenda kumwambia mkewe. Kwa kuwa hasikii, tulikuwa tunamwandikia kwenye kibao. Nikaandika: Ameanguka jana jioni. Amefariki.

Alisoma, akatikisa kichwa kwa hasira. "Hapana. Jana alinimulikia mpaka saa moja. Nilihesabu, hakukosea hata mara moja. Nikalala vizuri."

Akanishika mkono. "Nani alikuwa anawasha?"

Nikaandika: Mashine. Niliiweka mimi.

Nilitegemea anipige, na ningekubali. Hakunipiga. Aliuliza mashine hiyo iko wapi. Nikaandika: Soketi ya chini, nyuma ya meza ndogo. Akauliza, na yeye mmemkuta wapi. Nikaandika: Hapo hapo. Mkono ulikuwa umebakiza kidogo tu kufika ukutani.

Aliyasoma maneno yale, kisha akayafuta kwa kiganja chake.

"Alikuwa anakwenda kuizima," akasema, "ili nibonyeze kengele."