Bariere juu ya gudron ya moto

Wakati wa vita tulikaa Beni, karibu na kipande cha gudron, barabara ya lami ya zamani. Waasi waliweka bariere mbele ya mulango wangu: muti mumoja juu ya mapipa mawili, na askari wa kukagua. Kamioni kutoka Butembo, zimejaa viazi na mbao, zilisimama pale mpaka askari achoke kukagua.

Asubuhi gudron ilikuwa ngumu. Saa saba ya muchana ililegea, sandali zikanata, na magurudumu yenye kusimama yakazama polepole. Lami ikakimbilia pembeni, ikafanya matuta. Donc tukapata mifereji miwili yenye kina cha sufuria, na madereva, ili kuikwepa, wakapita kwenye kizingiti changu. Mutoto wangu alikuwa ameanza kutembea. Nilimufunga na kitenge kwenye muguu wa kitanda, kila siku, na kila siku nilitukana.

Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya kutengeneza njia, mutaa mzima ulibeba mawe mugongoni, kamba kwenye paji la uso, tukajaza mifereji. Kabla ya Jumamosi ingine kamioni zilikuwa zimesukuma mawe yote inje.

"Tutajaza tena, mama," chef wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, akasema.

"Ujaze na kichwa yako!"

Siku kamioni ilivunja kizingiti, nilienda kwa askari, mutoto mugongoni.

"Barabara hapana mubaya. Bariere yako njo mubaya! Kamioni ikipita, gudron inavumilia. Ikisimama na jua hii, inazama."

"Mama, uko injenieri?"

"Niko mama wa mutoto mwenye kufungwa kama mbuzi. Peleka muti yako kule kwa udongo, chini ya mikaratusi."

"Na commandant?"

"Yeye anakaa kwa kivuli. Weye unakaa wapi?"

Akaangalia buti zake, lami mpaka kwenye kamba. Alikuwa amechoka kama mimi. Akacheka.

"Shika upande ule, basi."

Tukabeba muti pamoja mpaka kwenye mikaratusi. Jumamosi tulijaza tena, mawe yakashika, kamioni zikarudi katikati ya njia.

Nikamufungua mutoto. Mulango ulikuwa wazi. Akabaki amekaa pale pale karibu na kitanda, ananiangalia, anangoja nimufunge.