Sinia la Magadi

Muasya, mtunza maabara wa shule moja ya sekondari pale Kiganjo, Thika, alikuwa mtu wa kupima. Mkate wa dukani aliupima, mtungi wa gesi aliupima, na muuza nyama akimwona anavuka barabara alianza kukunja uso. Haya basi, mtu wa namna hiyo ukimpa maabara, kuna atakayepumua?

Januari hii aliamini magadi yake yanaibwa. Yalikuwa mawe meupe yanayoangaza kidogo, na kopo lilionekana kupungua. Mshukiwa hakumtafuta mbali: Emmaculate, yaani Mama Cindy, mama wa usafi, mtu wa Kakamega. Kwao mrenda, ile mboga ya kuteleza, bila magadi haupikiki, na wake aliula papo hapo nyuma ya maabara. Muasya akamtega. Alimwaga magadi yote, gramu 572, kwenye sinia, akayatandaza juu ya kabati la dirishani na kuyachorea mistari kwa rula, ili mkono ukipita uonekane.

Loo, yakazidi kupungua! Wiki ya kwanza 470, ya pili 350, ya tatu 248. Mistari haikuguswa. Mawe yakageuka unga, na Muasya akajua kwa nini: mama anayasaga ili ayachote vizuri.

"Mwalimu, hiyo dawa yako haitaki jua," Mama Cindy alimwambia siku moja.

"Fagia, mama."

Ijumaa asubuhi barua ya Muasya ilimfikia mwalimu mkuu, na saa sita Mama Cindy akaambiwa kazi imeisha, arudishe ufunguo. Muasya alibaki akikokotoa asilimia ya wizi, apate la kusema mbele ya bodi. Gramu 324 kati ya 572: asilimia 56.6.

Ubaoni kulikuwa na zoezi la kidato cha tatu, la magadi haya haya. Sodiamu mbili, 46. Kaboni, 12. Oksijeni tatu, 48. Kisha molekuli kumi za maji, 180. Jumla 286. Yakiachwa wazi hupoteza maji tisa kati ya kumi. Hilo aliwaeleza wanafunzi kwa mdomo wake. Tisa mara kumi na nane, 162. Akagawanya kwa 286, akazidisha kwa mia.

56.6.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Hakuna aliyeiba kitu. Maji yalienda na hewa, na aliyeyaanika ni yeye.

Mama Cindy akaingia, akaweka ufunguo mezani na mfuko wake juu ya mizani.

"Pima, Mwalimu. Ni sufuria yangu na viatu. Nisije nikaambiwa nimetoka na kitu."

Muasya hakupima. Alivuta karatasi, akaandika barua ya pili akiwa amesimama, akampa aisome kabla hajaipeleka kwa mkuu. Mama aliisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari.

"Hapa umeandika maji yalipotea," akasema. "Andika pia kwamba nilikwambia."

Muasya akaandika.